Mpira, Vitabu na Meza ya Karatasi

Hapa Mantapala, wilayani Nchelenge nchini Zambia, kazi yangu ni kutunza vitabu, ingawa wasomaji wangu wengi walianza kwa kufuata mpira. Makazi haya yalifunguliwa mwanzoni mwa 2018 kwa ajili yetu Wakongo tuliokimbia vita vya majimbo ya Tanganyika na Haut-Katanga, wengi tukipitia kituo cha mpito cha Kenani. Tangu siku za mwanzo ilipangwa kwamba shule na zahanati tuzitumie pamoja na wenyeji. Uamuzi huo nausifu. Ila watoto wanaweza kukaa dawati moja muhula mzima wasisemeshane. Uwanjani hawawezi, kwa sababu pasi lazima iitwe.

Ndiyo maana rafu yetu iko kando ya uwanja, kwenye baraza lile lile la bati ambapo siku za huduma huwekwa meza ya karatasi: kuandikisha watoto wachanga na kuombea vibali vya kutoka kwenye makazi. Timu isiyochanganya Wakongo na Wazambia haipewi mpira, na nahodha huja kuuandika kwenye daftari lile lile la kuazima vitabu. Akishika kalamu, macho yake yako kwenye rafu.

Lugha nazo ni nyingi: shule za mkoa wetu wa Luapula huanza kwa Kibemba, kisha Kiingereza. Watoto wetu waliokuja wakubwa walianzia Kifaransa, na nyumbani ni Kiswahili. Nimemwona binti aliyetoka kucheza netiboli, jasho bado linamtoka, akimsomea mama yake fomu ya Kiingereza mstari kwa mstari kwa Kiswahili. Wakafika kwenye jina la mtoto mchanga: herufi moja imekosewa. Ikasahihishwa pale pale kabla ya mhuri. Anayefahamu maisha ya mkimbizi anajua herufi hiyo ingewagharimu nini siku cheti na kadi ya UNHCR visipolingana.

Upande wa Zambia, uvuvi wa Ziwa Mweru hufungwa kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari. Vijana wanaofuata samaki mjini Kashikishi hurudi, na huo ndio msimu wa mvua. Mvua ikipiga bati husikii anayesoma, na uwanja unakuwa tope. Hata hivyo baraza hilo ndilo kila kitu: foleni, kusoma na michezo ya ubao vyote huhamia pale.

Wazo la kuunganisha mpira na vitabu hatukulibuni sisi. Kule Mathare, Nairobi, MYSA, shirika la michezo la vijana lililoanzishwa 1987, iliunganisha ligi na usafi wa mitaa, timu zikipata pointi kwa kuzoa taka, kisha ikaongeza maktaba.

Kwa hiyo nawaomba halmashauri na mashirika yanayojenga ufukweni na huku bara: msitupe ukumbi mahali pake, maktaba mahali pake na ofisi mahali pake. Jengeni jengo moja karibu na uwanja, lenye baraza pana na dari chini ya bati, na mshahara wa mtunza vitabu uwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.