Kuota Moto, Kuota Udongoni

Kitenzi "kuota" kilinipa kazi nyingi darasani. Kila nilipofika kwenye mada ya homonimu niliandika ubaoni sentensi tatu: mtoto ameota ndoto, mzee anaota moto, mbegu imeota. Niliwaeleza wanafunzi kwamba hivi ni vitenzi vitatu vilivyokutana kwa umbo tu, si kwa maana, na kwamba kamusi hukipa kila kimoja kidahizo chake. Maelezo hayo bado nayaona sahihi. Lakini hapa Njombe, mwezi wa Julai, maana mbili kati ya hizo tatu hazikubali kutenganishwa: mbegu isipoota moto haioti.

Wasioijua nyanda hizi huenda wakashangaa. Mji wa Njombe unakaribia mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti baridi yake ni ya kuuma. Ziko asubuhi ambapo nyasi za mabondeni huamka zimefunikwa na sakitu, nyeupe kama majivu. Punje ya nyanya hutaka joto la nyuzi 20 hadi 30 za Selsiasi ili iote upesi. Likishuka chini ya 10, hulala tu udongoni mpaka ioze. Mtu angeweza kusema tungoje Septemba. Tatizo ni kwamba atakayesia Septemba atachuma mvua zikiwa zimekwisha kushika, na mvua huja na bakajani chelewa, ugonjwa wa ukungu unaoweza kuligeuza shamba la nyanya kuwa jeusi kwa siku chache. Dawa zake zipo madukani, ila hunyunyizwa tena na tena, na kila mnyunyizo una bei yake. Anayeanza Julai ndani ya nyumba huhamishia miche nje mwishoni mwa Agosti, naye huanza kuchuma Novemba, mvua zikiwa bado changa.

Kwangu mimi wiki hizo chache zina uzito. Pensheni ya mwalimu huja kila mwezi na huondoka mwezi huohuo. Nina mjukuu aliye kidato cha tatu. Ada imefutwa, lakini sare, viatu, madaftari na nauli havikufutwa, na vyote hudaiwa Januari kwa pamoja. Nyanya za Novemba ndizo huvilipia. Kwa hiyo ninapoinama jikoni kuhesabu punje, sihesabu kwa kujifurahisha.

Mwaka huu niliulizia mbegu chotara mjini. Pakiti yake ilizidi fedha ninazotenga kwa mafuta ya kupikia na sabuni kwa mwezi mzima. Sina ugomvi na chotara, huzaa sana. Kasoro yake kwa mtu wa mfuko kama wangu ni kwamba mbegu utakazozitoa kwenye tunda lake hazitakurudishia mmea uleule, hivyo kila msimu unarudi dukani. Mimi napanda Tanya, aina iliyoidhinishwa nchini mwaka 1997, pamoja na mwenzake Tengeru 97. Hiyo si chotara. Mtu huchagua matunda yaliyoiva vizuri kwenye mashina yenye afya, akakamua mbegu na utelezi wake ndani ya kikombe, akaongeza maji kidogo na kuviacha vichachuke siku mbili au tatu. Harufu yake si ya kusimuliwa, lakini uchachu huo ndio unaoondoa ule utelezi unaoizuia punje kuota. Baadaye huoshwa, huanikwa kivulini na kuwekwa ndani ya chupa kavu. Matunda matano hunipa mbegu kuliko mahitaji yangu.

Kabla ya kuziamini nazifanyia mtihani. Mazoea ya kazi hayafi. Nilifunga punje 20 katika kitambaa kibichi, nikakiweka karibu na meko. Siku ya nane 17 zilikuwa zimetoa mzizi. Nilihitaji miche 60, kwa hiyo nikaandaa punje 72. Hesabu hii ndogo huokoa udongo, maji na nafasi, na nafasi katika jiko langu ni haba.

Udongo nao hauna budi kupikwa. Madebe mawili ya udongo wa juu, moja la samadi iliyooza vizuri na nusu debe la mchanga wa mtoni, vyote vikachanganywa, vikaloweshwa kidogo na kuwekwa kwa mafungu kwenye karai kuukuu juu ya moto. Lengo ni kuua vimelea vya kinyausi, ugonjwa unaoukata mche shingoni usiku mmoja, asubuhi ukaukuta umelala. Kipimajoto sina. Hufukia kiazi mviringo katikati ya karai. Kiazi kikiiva, udongo umeiva. Nacho hakitupwi. Mjukuu wangu hudai ndicho kiazi kitamu kuliko vyote, na sijaona sababu ya kumbishia.

Vifaa vya kuoteshea ndivyo huwatisha wengi. Utawasikia wataalamu wakitaja trei za plastiki, makumbi ya nazi yaliyosagwa, hata taa maalumu. Viriba vya nailoni si ghali, ila navyo hununuliwa. Mimi nina madaftari ya insha ambayo wenyewe hawakuyafuata. Ukurasa huzungushwa kwenye chupa ya soda, ukakunjwa chini, chupa ikachomolewa, kikabaki kikopo cha karatasi. Siku ya kuhamisha, mche huingia ardhini pamoja na kikopo chake, mizizi isiguswe, na karatasi huozea hukohuko. Wakati mwingine, nikimwagilia, nasoma mstari wa insha kuhusu ajali ya basi au siku ya mahafali, wino wangu mwekundu ukiwa bado pembeni. Mmoja aliandika "nilifarijika sana" mahali alipotaka kusema alifadhaika. Nilimkata alama mbili. Leo mstari huo umezungukwa na mzizi wa nyanya.

Wapenzi wa lugha wataniruhusu nikumbushe tofauti ya vitenzi viwili vinavyoanza kusahaulika. Kusia ni kutawanya mbegu; mkono hurusha, macho hayafuati kila punje. Kuatika ni kuuweka mche mmoja mmoja mahali pake kwa mkono. Siku hizi yote mawili huitwa "kupanda" tu, nami huona hasara. Anayesia amekwisha kukubali kwamba nyingi zitapotea, na mwenye mbegu tele ana haki ya kukubali hivyo. Asiye nacho huatika. Nimefundisha madarasa ya wanafunzi themanini kwa kusia, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine. Miche 60 jikoni naijua mmoja mmoja, hata ule ulio karibu na mlango unaochelewa kila kitu.

Kutunza punje jikoni si uvumbuzi wangu. Bibi zetu walining'iniza mahindi ya mbegu juu ya meko, moshi ukayalinda dhidi ya wadudu. Kichanja changu kiko palepale. Vikopo hukaa juu yake usiku na mchana mpaka chipukizi la kwanza lionekane. Kuanzia hapo havitaki tena giza, hata kama kuna joto. Mchana huhamia kwenye dirisha la mashariki, usiku hurudi juu ya meko. Mche uliokosa mwanga hurefuka, ukapauka na kuegemea dirishani, kwa hiyo navigeuza kila asubuhi, na upande wa pili nimesimamisha kipande cha bati jipya kurudisha mwanga. Hicho ndicho kitalu nyumba changu.

Yale majani mawili ya kwanza si majani hasa. Wanabiolojia wetu huyaita ghalambegu, neno ninalolipenda kwa uwazi wake: ni ghala, akiba ambayo mmea mchanga huitumia kabla haujaweza kujitafutia. Akiba hiyo ikiisha huanguka. Samadi ya nyongeza sianzi kuitia kabla ya majani halisi kutokea, na maji hutiwa asubuhi tu, kwa kijiko, kwani udongo unaolala umelowa humkaribisha kinyausi.

Juzi jirani alipita kuomba moto.

"Kamwene, Mwalimu. Naona umefungua tena darasa jikoni."

"Kamwene, mama. Karibu, uwahesabu."

Alihesabu 64. Tumekubaliana achukue 12, naye alete magunia mawili ya samadi kabla ya mwezi kwisha. Iliyobaki itaanza kutolewa uani wiki ya pili ya Agosti, saa moja siku ya kwanza, mbili siku ya pili, maji yakipunguzwa, mpaka izoee upepo. Matuta sita yamekwisha kulimwa. Moja bado lina sakitu asubuhi. Hilo litapandwa mwisho.