Mtoto Mzito wa Masomo Asinyimwe Nyimbo

Wazazi wapenzi, nanyi waalimu wenzetu, kila mwisho wa muhula twaona jambo la kusikitisha. Mtoto analeta buletini nyumbani. Baba anaona alama mbaya za kusoma na za hesabu, naye anakata shauri papo hapo: tangu leo hakuna kwaya wala ngoma, mpaka alama zipande. Baba huyo anampenda mtoto wake, nasi hatumlaumu. Walakini twadhani kwamba amemwondolea mgonjwa chakula kile kimoja alichoweza kumeza. Tuelezeni basi sababu zetu.

Kwanza, muziki hufundisha sikio, na kusoma huanza kwa sikio. Mtoto anayeandika “toto” mahali pa “mtoto” si mvivu. Hajasikia bado sehemu za neno. Mwambieni apige makofi: m-to-to, makofi 3, m-tu, makofi 2, ki-ta-bu, makofi 3. Akiisha kulipiga neno kwa mikono, ataona kwamba herufi ile ya mwanzo ina pigo lake, naye hataisahau katika imla. Wataalamu waliochunguza watoto wanaosumbuka kusoma wameona kwamba wengi wao wanasumbuka pia kushika mapigo ya ngoma. Kwa hiyo mwalimu anayewafundisha kushika mapigo hapotezi saa ya masomo.

Pili, muziki ni hesabu inayosikika. Noti ya duara ni sawa na nyeupe mbili; nyeupe moja ni sawa na nyeusi mbili. Mtoto asiyefahamu nusu na robo ubaoni huzifahamu upesi akizipiga kwa fimbo juu ya dawati, kwa maana akikosea, wimbo wote unavurugika, na sikio lake lenyewe linamsahihisha kabla ya mwalimu kufumbua kinywa.

Tatu, na hili ndilo kubwa, muziki humrudishia mtoto moyo. Katika darasa letu alikuwamo mvulana mwenye kigugumizi. Alipoitwa kusoma, neno la kwanza lilimkwama kooni, wenzake wakacheka, naye akaketi akiinamisha kichwa. Mwishowe alikataa kabisa kufungua kinywa, na nyumbani wakaanza kusema heri aachishwe masomo, aende shambani. Lakini katika kuimba hakukwama hata mara moja. Jambo hili si muujiza: wengi wenye kigugumizi huimba bila shida. Basi tukaanza kuimba somo. Darasa zima liliimba sentensi pamoja, kisha tukaisema pamoja kwa mapigo yale yale, kisha kila mtoto akaisoma peke yake polepole. Kigugumizi hakikumtoka chote. Lakini baada ya miezi alisimama akasoma mistari sita mbele ya wote, wala hakuna aliyecheka. Alipita darasa kwa alama chache tu, ila hakuna tena aliyesema aachishwe.

Msidhani kwamba kazi hii inataka piano au pesa nyingi. Mwaka 1958 huko Kamina, watoto 45 hivi wenye umri wa miaka 9 hadi 14, pamoja na waalimu 15 hivi, waliimba Misa iitwayo Missa Luba, wakiongozwa na Padri Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji. Maneno yalikuwa ya Kilatini, lakini sauti na mapigo ni ya kwetu. Mwaka huo huo waliimba huko Ulaya, na sahani zao za muziki zikasikika katika nchi nyingi. Hatusemi kwamba watoto wale walikuwa wazito wa masomo. Twasema tu kwamba wimbo wao mwingi haukuandikwa katika karatasi. Waliutunga kwa sikio, kwa kumbukumbu na kwa kusikilizana. Tena waalimu waliimba katika safu moja na wanafunzi wao. Mtoto anayemsikia mwalimu wake akiimba kando yake hamwogopi tena kama hakimu.

Hata hivyo tusiahidi kupita kiasi. Mwaka 1993 wachunguzi wa Marekani waliandika kwamba wanafunzi wa chuo kikuu waliosikiliza muziki wa Mozart kwa dakika 10 walifanya vizuri zaidi mtihani fulani. Watu wengi wakatangaza kwamba muziki huo huzidisha akili ya watoto. Kumbe faida ile ilidumu robo saa tu. Kuacha redio ikilia nyumbani hakumfundishi mtoto kitu. Ni lazima aimbe mwenyewe, apige mwenyewe, akosee, arudie. Tena wimbo haushiki mahali pa kitabu, na mtoto asiyeona vizuri ubao anahitaji miwani kabla ya ngoma.

Tangu mwaka 2019 masomo ya msingi katika shule za serikali ni bila malipo, na watoto wamejaa madarasani. Mwalimu mmoja hawezi kumsikiliza kila mtoto akisoma kila siku. Lakini darasa zima laweza kuimba kwa dakika 10 asubuhi, na katika sauti zile hata aliye wa mwisho ana mahali pake.

Basi, wazazi, mtoto akirudi na alama mbaya, msimfungie mlango wa kwaya. Mpangieni saa ya kitabu na saa ya wimbo. Jioni mwambieni awaimbie alichojifunza, kisha awasomee maneno yale yale katika daftari. Nanyi waalimu, msimpe aliye mzito kazi ya kubeba viti wakati wenzake wanaimba. Mpeni ngoma aishike. Haba na haba hujaza kibaba. Mtoto aliyeitwa mjinga mara mia anahitaji kusikia, walau mara moja kwa siku, sauti yake ikikubaliana na sauti za wenzake.