Shimo la mama

Kwetu Masisi, milimani, kasiksi haipendi baridi. Mama alikuwa na shimo: analipasha moto, anatandika majani ya migomba, anaivisha ndizi. Baada ya kukamua, anatia unga wa mtama uliokaangwa, anafunika ipate joto. Shangazi wa Walikale, kwenye joto, yeye hutafuta kivuli.

Tulipokimbilia karibu na Goma, chini ni mawe ya volkano, hakuna kuchimba. Mama alifunga bidoni kwa blanketi letu moja. Mchana la pombe, usiku la watoto. Pombe ikapoa kila usiku, ikagoma. Pesa ya unga ikapotea. Hakutunyang'anya blanketi.

Ndugu mliorudi Masisi, mkipita kwetu, tazameni: shimo lingalipo?