Neno Lililoniponza

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wangu ulikuwa mfupani, nami niliuita mteguko.

Ilikuwa majira ya masika. Nilikuwa nikivuka mtaro huko Laini Saba, Kibera, ubao ulipoteleza na mguu wangu wa kulia ukapinduka. Sikuweza kusimama. Jirani aliyeniinua alisema, "Pole, ndugu yangu. Vidole vinacheza, huo ni mteguko tu." Kesho yake nilipelekwa Kawangware kwa shangazi, aliyemjua mzee mmoja mkandaji. Mzee aliuvuta mguu na kuukanda, nami nikauma leso. "Vumilia, mwanangu," shangazi alinihimiza. Nilivumilia siku tisa, kifundo kikiwa kimevimba na kuvilia damu.

Picha ya eksirei ilisema jingine. Kifundo cha mguu huundwa na mifupa mitatu. Mfupa mkubwa wa muundi na ule mwembamba ulio kando yake hushuka na kuubana mfupa wa tatu, ulio juu ya kisigino, mithili ya koleo. Koleo langu lilikuwa limevunjika pande zote mbili, na mfupa wa kati ulikuwa umehama. Daktari alinieleza kuwa mvunjiko wa namna hiyo aghalabu hautulii kwa plasta pekee, na kwamba kukanda huweza kuisogeza mifupa zaidi. Uvimbe ulipopungua nilipasuliwa, mifupa ikarudishwa mahali pake na kufungwa kwa bamba la chuma na skrubu. Kwa majuma sita nilitembea kwa magongo bila kuukanyagia mguu huo.

Baadaye nilisoma juu ya kanuni zilizotungwa Ottawa, Kanada, na kuchapishwa mwaka 1992. Mwenye maumivu ya kifundo asiyeweza kupiga hatua nne, au anayeumia mfupa wa kifundo unapobonyezwa, apigwe picha. Vidole kucheza si ushahidi wa uzima.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili hukariri istilahi kwa ajili ya mtihani. Kuteguka huhusu kiungo na kano zake. Kuvunjika huhusu mfupa. Nilikuwa na kamusi chumbani, lakini sikuwahi kuzipambanua fasili hizo mbili. Simlaumu jirani wala shangazi. Walinitibu kwa jina nililolikubali. Hata leo baridi ikizidi, kifundo huniuma. Tuzitoe istilahi zetu darasani, tuzifikishe mtaani, kabla mwingine hajakandwa mfupa uliovunjika.