Mcheza Kwao

Waswahili twasema kuwa nyota njema huonekana asubuhi. Msemo huu una jambo moja ambalo haulitaji: huonekana na nani? Nyota haijioni. Sharti awepo mtu aliyewahi kuamka, akatoka nje, akainua macho. Na kabla ya hapo awe amekwisha kuona nyota nyingine nyingi, njema na zisizo njema, hata akajua kuzitofautisha. Sisi wa visiwani twamjua mtu huyo katika ushairi. Kijana aletapo utungo wake barazani, hawi mtunzi kwa kuwa amejiita mtunzi. Wapo wazee watakaomhesabia mizani kwa vidole, wapo watakaomwuliza kwa nini kina cha kati kimelegea katika ubeti wa tatu, na wapo watakaonyamaza, na kimya chao kikawa kizito kuliko lawama. Hukumu hiyo haina cheti wala muhuri, lakini malenga hupita mbele yake kwanza.

Hukumu ya namna hiyo niliikuta mbali na bahari, huko Suma katika wilaya ya Rungwe, wala haikuwa ya mashairi. Ilikuwa ya mpira wa miguu.

Dada yangu ameolewa huko, nami nimepata kukaa kwake zaidi ya mara moja. Nchi ile ni ya vilima, migomba na chai, na mlima Rungwe, wenye kimo cha mita 2,960, hujificha mawinguni siku nyingi kuliko zile ujitokezazo. Mvua yake si ya vuli na masika kama tuijuavyo pwani. Ni mvua iliyohamia. Mahali tambarare ni adimu, kwa hiyo kiwanja cha mpira nilichokizoea mimi kina mteremko: timu moja hucheza kipindi cha kwanza ikipanda, na wenzao hupanda kipindi cha pili. Hapo ndipo alipokulia kijana ambaye habari zake zilijaa vinywani mwa watu mara ya mwisho nilipokuwa huko. Alikuwa na miaka 17, kiungo wa timu ya vijana wa pale, na timu moja ya ligi ilikuwa imemchukua. Simtaji jina, kwa kuwa ni mtoto wa watu na safari yake ndiyo kwanza inaanza.

Kila jioni, mvua ikikatika, watu walimpima. Dereva mmoja wa bodaboda alitangaza kuwa huyu ni Samatta mwingine. Mzee mmoja akamrudi palepale: "Samatta ni mshambuliaji, huyu ni kiungo. Usimvishe mtoto kanzu ya mtu." Kisha akaeleza alichokiona yeye. Alisema wengi hutazama miguu ya mchezaji, ilhali yeye hutazama shingo. Kijana huyu, kabla mpira haujamfikia, huwa amekwisha kugeuza uso kushoto na kulia. Mpira ukifika, yeye anajua uendako. Hilo, akasema, halifundishwi ukubwani.

Mwalimu mmoja hakubishana naye, lakini alileta kasoro. Mguu wa kushoto wa kijana ni wa kusimamia tu. Huku kwetu wapinzani hawajaligundua, alisema; huko aendako wataligundua katika mechi ya pili, na watamfungia upande wa kulia kama mtu afungavyo mlango. Shemeji yangu naye alikuwa na wasiwasi wa matope. Kijana amejifunza mahali ambapo mpira hauendi ulikotumwa, naye amezoea kuusubiri ukwame. Katika majani mazuri, mpira hautakwama. Ama atakuwa mwepesi maradufu, ama atachelewa kila mara kwa hatua moja, na hatua moja ndiyo mpira wote.

Neno lililonikaa zaidi lilitoka kwa mama mmoja auzaye maparachichi kando ya kiwanja. "Nyinyi mnamsifu siku walizoshinda," alisema. "Mimi nilimtazama siku walipofungwa manne. Hakumnyoshea mwenziwe kidole hata mara moja."

Msomaji wa pwani aweza kuuliza watu wa vilimani wana haki gani ya kujifanya mahakimu. Haki yao ina tarehe. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, waliojiita Banyambala, yaani wanaume kwa Kinyakyusa, walipanda ligi ya juu ya Tanzania Bara, na msimu huohuo wa kwanza wakautwaa ubingwa. Mji mdogo wa chai na ndizi uliwapita Simba na Yanga. Coastal Union ya Tanga ilifanya hivyo 1988, Mtibwa Sugar 1999 na 2000, Azam 2014; lakini hao walikuwa na bandari, kiwanda cha sukari au tajiri nyuma yao. Kwa hiyo mzee wa Rungwe asemapo kuwa anamjua mchezaji, asema kama mzee wa Lamu asemaye anajua jahazi.

Lakini jicho zuri halikuwaletea mali. Sekilojo Chambua alitoka Tukuyu Stars akaenda Yanga, na wengi nchini wanamkumbuka kwa jezi ya Yanga. Tukuyu Stars yenyewe ilishuka, na kwa miaka mingi haimo katika ligi kuu. Mbeya City ilipopanda, ikamaliza ya tatu katika msimu wake wa kwanza wa 2013/14, watu wa mkoa ule waliinuka tena. Mwaka 2015 Deus Kaseke akaenda Yanga. "Sisi twashona kanzu," mzee yule aliniambia, "harusi inafanyika kwingine."

Yule mama wa maparachichi, alipompima kijana kwa namna anavyokaa na wenziwe, hakuwa amebuni kipimo kipya. Monica Wilson na mumewe Godfrey walifanya utafiti kwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, na kitabu cha Monica, Good Company, kilitoka 1951. Humo ameeleza jinsi wavulana, wapatao umri wa miaka kumi hivi, walivyotoka majumbani kwa wazazi wakajenga kijiji chao wenyewe na rika lao. Walilala pamoja, na walikwenda kula kwa kundi nyumbani kwa mama wa huyu na mama wa yule. Fadhila iliyotukuzwa ni ukwangala, uzuri wa kukaa na wenzako. Ulipofika wakati wa ubusoka, nchi ilikabidhiwa kizazi kipya, na wazee ndio waliochagua viongozi wa vijiji miongoni mwa vijana wa kawaida, wasio wana wa malafyale. Walikuwa wamewatazama tangu wakiwa watoto. Tofauti ni kwamba aliyechaguliwa zamani alichaguliwa ili abaki.

Wapo watu wengine duniani waliolifikiria tatizo hili la nani amchukue nani. Australia wana mpira wao, watu 18 kila upande, mpira wenye umbo la yai, unaochezwa kwa mikono na miguu. Mwaka uleule wa 1986, ligi yao kubwa ilianza uteuzi wa kila mwaka ambao kanuni yake ni kwamba timu iliyoburuta mkia ndiyo ichague kwanza. Mashabiki hulipima kila jina liitwalo, kama wafanyavyo watu wa Suma. Mwaka 2013 jina la 44 lilikuwa la Aliir Aliir, aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, kwa wazazi wa Sudan Kusini. Majina 43 yaliitwa kabla yake. Mwaka 2021 aliingizwa katika kikosi cha wachezaji bora wa ligi nzima. Kwa hiyo hata uteuzi wenye taratibu hukosea. Lakini taratibu ile inakiri kwamba mnyonge naye anastahili kuchagua. Kwetu mnyonge ndiye achaguliwaye, na mfuko ndio upangao foleni.

Si kwamba hapana haki yoyote iliyoandikwa. Kanuni za FIFA, tangu 2001, zinataka mchezaji anaponunuliwa kutoka nchi moja kwenda nyingine mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya fedha igawiwe timu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Hesabu hiyo husoma makaratasi. Timu isiyosajiliwa, ambayo haikuandika ni lini mtoto aliingia na ni lini alitoka, mbele ya hesabu hiyo haikuwahi kuwapo. Miaka mitano ya mteremko na matope haina ushahidi ila midomo ya watu.

Mwalimu yule alitaka jambo hili likomeshwe. Alinunua daftari, akataka kila mtoto wa timu aandikwe jina, tarehe ya kuzaliwa na siku ya kujiunga, kisha timu isajiliwe katika chama cha mpira cha wilaya. Wengine walicheka. Mmoja aliuliza kama wanalea watoto au wanafuga ng'ombe wa mnada. Swali hilo si la kupuuzwa, na sikumsikia mtu akilijibu vizuri. Mimi nilifikiria tungo ngapi za pwani tunaziimba leo tukisema tu kwamba ni za zamani, kwa kuwa aliyezitunga hakuandikwa, na walioziandika baadaye walikuwa wageni.

Mama yake kijana, achumaye chai, hakuuliza habari ya asilimia. Aliwauliza wazee: "Huko, nani atamwambia ukweli?" Alikuwa amesikia redioni namna mashabiki wa mjini wanavyomshangilia mtu Jumamosi na kumzomea Jumatano. Hakuwaogopa wazomeaji. Aliogopa kwamba hatakuwapo mtu wa kumtazama mwanawe siku ya kufungwa manne.

Twasema pia kwamba mcheza kwao hutunzwa, na neno kutunza lina sura mbili: kumtuza mtu kwa uhodari wake, na kumweka asipotee. La kwanza Suma hawakuliweza. Walichanga wakamnunulia njumu, basi. La pili walilifanya kwa ndimi zao, walipomwambia wazi kuhusu mguu wake, wala hawakumpamba. Kijana aliwaamkia mmoja mmoja, akasema ndaga, akaondoka na gari la alfajiri kwenda Tukuyu. Jina lake ndilo la kwanza katika daftari la mwalimu. Jioni ile watu walikuwa wamekwisha kuanza kumtazama mwingine, wa miaka 13, atumiaye mguu wa kushoto.