Bukavu: Prizi ya simu haioni maji

Siku hizi hapa Bukavu kumeingia prizi mpya zinazoletwa na ndugu zetu wanaofanya biashara Dubai. Unaichomeka ukutani, unaiunganisha na Wi-Fi, kisha unawasha na kuzima umeme kwa simu. Shemeji yangu alituletea moja. Alitaka tuiweke bafuni, na saa 11 asubuhi iwashe chuma cha kuchemshia maji ndani ya ndoo, watoto waoge maji ya moto kabla ya shule.

Nilikataa. Nyumbani kwetu tunaishi watu 11, wakiwemo jamaa zetu waliokimbia vita kule Kalehe. Bafu ni moja, na wakati wa mvua kuta zake hazikauki. Mtoto mgeni atajuaje kwamba simu ya mtu aliye sebuleni inaweza kutia umeme kwenye ndoo anayoishika?

Prizi hizo nyingi zimetengenezwa kwa mahali pakavu. Mvuke ukiingia ndani, vyuma hushika kutu, hupata joto, na plastiki huweza kuyeyuka. Tena zile za Dubai mara nyingi zina miguu mitatu bapa, na prizi zetu zina matundu ya duara. Ndipo mtu anatia adapta iliyolegea, isiyo na waya wa ardhi.

Kuna jambo lingine. Umeme wetu hukatika na kurudi bila taarifa. Baadhi ya prizi hizo, umeme ukirudi, hujiwasha zenyewe kama zilivyokuwa mwanzo. Ndoo ikiwa tupu, chuma kinaungua. Mkono ukiwa majini, mtu anaweza kufa.

Msiseme disjonkteri ya kwenye mita itawaokoa. Ile ya kawaida, ya ampea 10 au 16, inalinda nyaya. Umeme unaoua mtu mwenye mwili wa maji ni mdogo kuliko huo mara nyingi sana.

Basi tulikubaliana hivi: maji yanachemshiwa jikoni, chuma kinachomolewa kabla ya mtu yeyote kugusa maji, na ndoo inabebwa na mtu mzima. Prizi ya simu inawasha taa ya sebuleni. Shemeji alinuna siku mbili, yakaisha.

Mwenye nyumba anayetaka umeme karibu na bafu amwite fundi. Aweke waya wa ardhi na disjonkteri ya diferansieli ya miliampea 30, na prizi ikae mbali na maji, ikiwezekana nje ya mlango. Mtu akinaswa, msimshike. Zimeni kwanza umeme kwenye mita.

Nasi tuliopokea wageni, siku tunayowaonyesha mahali pa kulala, tuwaonyeshe pia mahali pa kuzimia umeme.