Nilivyorudi Ziwani na Magoti Mabovu

Ushuhuda huu nilishautoa kwa kifupi kanisani hapa Bulongwa, siku ya sikukuu ya mavuno. Baada ya ibada kina mama walinifuata nje wakiniuliza maswali, hasa wale wanaosumbuliwa na magoti, nikaona heri niuandike wote.

Mimi ni Mkisi wa Ikombe niliyeolewa huku Ukinga. Kwetu Ikombe Milima ya Livingstone inaingia moja kwa moja Ziwa Nyasa, na ukitaka kwenda Matema unapanda mtumbwi au unafuata njia ya miguu kandokando ya maji. Mama zetu ni wafinyanzi. Vyungu vinapakiwa kwenye mitumbwi kwenda sokoni Lyulilo. Sisi watoto tulijua kuogelea kabla ya kujua kusoma. Meli ya MV Songea ikipita kutoka Itungi kuelekea Mbamba Bay, ilitukuta tumeshaingia majini tunaisubiri.

Kisha nikaolewa, nikapanda mlima. Ziwa Nyasa liko mita zisizofika 500 juu ya usawa wa bahari. Bulongwa inapita mita 2,000. Wamisionari wa Berlin waliofungua kituo hapa mwaka 1895 nao walitokea huko ziwani, na sijui walivumilia vipi Juni yao ya kwanza. Mwezi huo baridi ya huku Makete inaunguza majani ya viazi shambani. Nilivaa sweta, nikajifunza pareto na viazi, nikazaa, nikalea. Zaidi ya miaka ishirini sikuogelea. Hata niliposhuka kumsalimia mama, nilioga ukingoni tu, nikafua, nikapanda gari kurudi. Hakuna aliyenikataza. Ila kina mama wa rika langu hawakuwa wanaogelea, nami nikafuata.

Mume wangu aliugua figo, akaugua kwa muda mrefu. Anayemuuguza mgonjwa wa namna hiyo anakula akikumbuka na analala akiweza. Tulipomzika nilikuwa nimenenepa, presha imepanda, na magoti yote mawili yamechoka. Huku Bulongwa hakuna tambarare. Shamba liko bondeni, kanisa liko mlimani. Kupanda niliweza kwa shida, lakini kuteremka kulinitoa machozi. Nilikuwa nashuka kinyumenyume, nimeshika fito za uzio wa jirani, nikitanguliza mguu wa kulia uliokuwa na nafuu. Na usiku kifua kilibana. Nilikaa kitandani nimejifunga blanketi, nikisubiri jogoo.

Mtaalamu wa viungo aliyenipima aliniambia gegedu za magoti zimelika na kwamba kukaa tu kutaniharibu zaidi. Alisema Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa wiki, na mwenye magoti kama yangu achague baiskeli au kuogelea. Baiskeli kwa vilima vya Bulongwa haiwezekani. Bwawa la kuogelea mimi nimeliona kwenye televisheni, siku muogeleaji Hilal Hilal alipoiwakilisha Tanzania kwenye Olimpiki. Lakini nilikuwa na ziwa zima kwa mama yangu, na mama alikuwa amezeeka, anahitaji mtu. Viazi vilipotoka shambani nikafunga mzigo, nikapita Isyonje na Tukuyu, nikashuka.

Niliingia majini alfajiri, nimevaa fulana na kaptula ya mwanangu, kanga nimeiacha juu ya jiwe. Mikono ilikumbuka. Pumzi ndiyo iliyokataa. Kutoka mitumbwi ilipoegeshwa hadi kwenye mwamba mkubwa si mbali, utotoni tulikuwa tunakwenda na kurudi tukicheka. Safari hii nilifika katikati nikasimama, moyo unapiga hadi masikioni. Mtoto wa kaka yangu alikuwa ananifuata kwa mtumbwi. Akaniita, "Shangazi, rudi!" Nikashika ubavu wa mtumbwi, nikapumzika, nikaendelea.

Kilichonisaidia ni kutoa pumzi. Niligundua kwamba nikitia uso majini naibana, halafu nikiinua kichwa nataka kutoa na kuvuta kwa mara moja, ndiyo maana nachoka. Nikaanza kupuliza uso ukiwa majini, taratibu, mapovu yakipita mashavuni, hadi kifua kiwe kitupu. Hapo nikigeuza kichwa hewa inaingia yenyewe. Mwenye majonzi atanielewa nikisema kwamba ile pumzi niliyoizuia tangu siku ya msiba niliitolea pale. Usiku nikalala. Maombi ya kanisa yalinishika mkono miezi yote ile, na ninaamini hata ziwa lile Mungu alinipa kama jibu.

Na magoti? Maji yakikufika kifuani, miguu inabeba kama theluthi moja tu ya uzito wako. Unaweza kupiga miguu, kukunja na kukunjua, bila mifupa kusagana. Misuli ya mapaja ilianza kurudi, na misuli hiyo ndiyo inayolishikilia goti. Nilipopanda tena Bulongwa niliteremka kwenda shambani nikitazama mbele, mkono haukugusa uzio. Dawa za presha naendelea kumeza kila siku. Sikuambiwa niache na sijaacha.

Sasa kiangazi nakaa kwa mama. Naingia majini asubuhi, kabla upepo wa kusi haujainua mawimbi, na siendi peke yangu wala siogelei upande wa mdomo wa mto Lufilyo, kwa sababu mamba wapo. Ziwa hili lina kina kinachofika kama mita 700, na kwetu kina kinaanza karibu sana na ufuko, kwa hiyo naogelea sambamba na nchi kavu. Wifi yangu, aliyekuwa akiniangalia kwa mashaka, ameanza kujifunza kwa kukumbatia dumu tupu la lita ishirini, akipiga miguu. Mama mmoja wa kwaya yetu naye anatafuta nauli tushuke pamoja viazi vikishauzwa. Nimemwambia aje na kaptula inayombana, maana kanga majini inazonga miguu.